Ngiri Kubwa: Njia za Upasuaji na Tofauti Zake

Ngiri ni ugonjwa ambao watu wengi huuficha. Mwenye nao huvaa suruali pana, hujishika kinenani anapokohoa, na akiulizwa husema ni mshipa tu. Mwaka unapita, uvimbe unakua. Kwa hamali, mvuvi, fundi mjengo au msukuma mkokoteni, hofu ya kukosa kibarua kwa wiki kadhaa ni kubwa kuliko hofu ya uvimbe wenyewe. Makala hii inaeleza njia zinazotumiwa na madaktari kurekebisha ngiri, hasa iliyokwisha kuwa kubwa, faida na udhaifu wa kila njia, na jinsi mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anavyoweza kujiandaa kabla hali haijawa ya dharura.

NGIRI NI NINI, NA SI NINI

Ukuta wa tumbo umejengwa kwa tabaka za misuli na nyama ngumu. Mahali palipo dhaifu, utumbo au mafuta ya ndani huweza kusukumwa nje na kutokeza chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri. Hutokea zaidi kwenye kinena, na kwa wanaume huweza kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Hutokea pia kwenye kitovu, kwenye kovu la upasuaji wa zamani, na ndani ya mwili kwenye kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo.

Hapa Pwani neno mshipa hutumika kwa ngiri na kwa busha pia, lakini hayo ni magonjwa mawili. Busha ni maji yaliyojaa kuizunguka korodani. Katika ukanda huu huhusishwa mara nyingi na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ndiyo sababu kampeni za kumeza dawa za matende zimefanywa katika kaunti za Pwani, na mwaka 2018 wakazi wa Jomvu walikuwa miongoni mwa waliopewa mchanganyiko wa dawa tatu kwa pamoja.

Kwa kawaida ngiri huongezeka mtu akikohoa au akisimama, na hurudi ndani akilala. Busha halirudi ndani. Hata hivyo ngiri kubwa ya muda mrefu nayo huweza kukataa kurudi, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo uvimbe wa korodani usitobolewe kwa sindano wala wembe na mtu asiye daktari. Ikiwa ndani yake kuna utumbo, tundu hilo moja linaweza kuua.

UKUBWA WA TATIZO

Kwa makadirio ya madaktari wa kimataifa waliotoa mwongozo wa ngiri mwaka 2018, kati ya wanaume 100, wanaume 27 hadi 43 hupata ngiri ya kinena wakati fulani maishani. Kwa wanawake ni 3 hadi 6 kati ya 100. Upasuaji wa ngiri ya kinena unaofanywa duniani kila mwaka unazidi milioni 20.

Katika Afrika Mashariki tatizo si ngiri kuwapo, bali kutotibiwa. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2014 uliwapima wanaume 900. Takriban 9 kati ya kila 100 walikuwa na ngiri ya kinena au kovu la kufanyiwa upasuaji wake. Kati yao, waliokuwa wamepasuliwa hawakufika thuluthi moja, na kikwazo kikubwa kilikuwa fedha. Ngiri isiyotibiwa haifungiki yenyewe kwa mtu mzima. Hukua, na kadiri inavyokua ndivyo upasuaji wake unavyozidi kuwa mgumu.

NJIA YA KWANZA: KUSHONA KWA NYUZI PEKEE

Njia hii ndiyo ya zamani zaidi kati ya zinazotumika leo. Edoardo Bassini, daktari wa Italia, aliianza mwaka 1884. Daktari hupasua kinena, hurudisha utumbo ndani, kisha huvuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja ili kuziba tundu. Baadaye Edward Shouldice wa Toronto, Kanada, aliyefungua hospitali yake mwaka 1945, aliiboresha kwa kushona tabaka kadhaa, moja juu ya jingine.

Faida yake ni kwamba haihitaji kifaa cha kununuliwa zaidi ya nyuzi. Udhaifu wake ni mvuto. Misuli iliyovutwa kwa nguvu hutaka kurudi ilikokuwa, hasa mtu anapobeba mzigo au kukohoa, na mshono huweza kuachia. Mwongozo wa 2018 unasema kuwa kama wavu hautumiki, basi njia ya Shouldice ndiyo bora kati ya za nyuzi, lakini inahitaji daktari aliyeizoea.

Watoto ni jambo jingine. Ngiri ya kinena ya mtoto hutokana na njia iliyokosa kufunga kabla ya kuzaliwa. Daktari huufunga mfuko wa ngiri tu, wala mtoto hawekewi wavu.

NJIA YA PILI: WAVU

Mwaka 1984 Irving Lichtenstein na wenzake huko Los Angeles, Marekani, walianza kutumia wavu wa plastiki laini kwa kila mgonjwa wa ngiri ya kinena, na mwaka 1989 walichapisha matokeo yao. Badala ya kuvuta misuli, daktari hutandaza wavu juu ya sehemu dhaifu na kuushikiza. Nyama ya mwili huota kupitia matundu ya wavu huo, na ukuta ukawa imara bila mvuto.

Mapitio ya tafiti 25 zenye wagonjwa zaidi ya 6,000, yaliyotolewa mwaka 2018, yalilinganisha wavu na nyuzi. Ngiri ilirudi mara chache zaidi kwa waliowekewa wavu, kwa karibu nusu. Kwa lugha ya kawaida, wagonjwa 46 wakiwekewa wavu badala ya kushonwa nyuzi pekee, mmoja zaidi huepuka ngiri kurudi. Idadi hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini upasuaji wa pili hufanyika kwenye makovu, nao ni mgumu na wa hatari zaidi kuliko wa kwanza.

Faida nyingine ni kuwa upasuaji huu unaweza kufanywa kwa ganzi ya mahali penyewe, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu, hilo ni jambo kubwa.

Wavu una udhaifu wake. Ukiingia vijidudu ni vigumu kuutibu na huenda ukalazimika kutolewa. Ndiyo maana ikiwa utumbo umekwisha kufa ndani ya ngiri, madaktari wengi huepuka kuuweka. Pia watu wapatao 10 hadi 12 kati ya 100 hubaki na maumivu ya kinena kwa miezi baada ya upasuaji wa ngiri, yawe makubwa au ya wastani. Mgonjwa anastahili kuelezwa hayo kabla ya kutia saini.

NJIA YA TATU: UPASUAJI WA MATUNDU

Hapa daktari hutoboa matundu madogo, huingiza kamera na vyombo vyembamba, na huweka wavu kutoka upande wa ndani. Njia hii ilienea miaka ya 1990. Maumivu ya baadaye hupungua na mgonjwa hurudi kazini mapema. Inafaa hasa kwa mwenye ngiri pande zote mbili, kwa ngiri iliyorudi baada ya kupasuliwa kwa mbele, na kwa wanawake, ambao ngiri zao mara nyingi hujificha chini zaidi na hubana upesi.

Lakini inahitaji vifaa vya bei, usingizi kamili wa dawa, na daktari aliyefanya nyingi. Kwa ngiri kubwa iliyoshuka hadi kwenye mfuko wa korodani ni ngumu zaidi. Katika hospitali nyingi za eneo letu la dunia, mgonjwa wa namna hiyo hufaidika zaidi na wavu unaowekwa kwa mkato wa mbele.

SOMO KUTOKA KAMULI

Kikwazo cha wavu kwa miaka mingi kilikuwa bei. Nchini India, kisha katika nchi kadhaa za Afrika, madaktari walianza kutumia kitambaa cha aina ile ile ya vyandarua, kisicho na dawa ya mbu, kilichokatwa na kuchemshwa kwa mvuke hospitalini hadi kuua vijidudu vyote. Swali lilikuwa moja: je, ni salama kama wavu wa kiwandani?

Jibu lilitoka Kamuli, mashariki mwa Uganda. Madaktari wa Uganda na Sweden waliwagawa wanaume 302 kwa bahati nasibu, nusu wakawekewa wavu wa bei nafuu na nusu wa kiwandani. Matokeo yalichapishwa Januari 2016. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la wavu wa bei nafuu, na hakuna katika kundi la pili. Matatizo ya wiki mbili za kwanza, mengi yakiwa madogo kama uvimbe na damu kuvilia, yalilingana: takriban watu 3 kati ya 10 kila upande. Wavu wa bei nafuu uligharimu kama dola moja ya Marekani, na wa kiwandani zaidi ya dola mia moja.

Utafiti mwingine, wa Sierra Leone mwaka 2021, uliuliza ni nani anayeweza kufanya kazi hiyo. Wagonjwa zaidi ya 200 walipasuliwa ama na madaktari wa kawaida ama na maafisa wa kliniki waliofundishwa upasuaji, wote wakitumia wavu. Mwaka mmoja baadaye, ngiri zilizorudi kwa wagonjwa wa maafisa wa kliniki hazikufika 1 kati ya 100, na kwa wa madaktari zilikuwa karibu 7. Funzo si kwamba cheo hakina maana. Funzo ni kwamba mazoezi katika kazi moja yana uzito mkubwa.

Onyo moja ni muhimu. Chandarua cha kitandani hakifai kabisa kwa kazi hii. Kina dawa ya mbu na hakikuandaliwa. Uamuzi kuhusu wavu ni wa hospitali, na mgonjwa hapaswi kuulizwa alete kitambaa chochote.

NGIRI IKIWA KUBWA MNO

Kuna ngiri ambayo imekaa nje miaka kumi au zaidi hata sehemu kubwa ya utumbo huishi ndani ya mfuko wa korodani. Tumbo huwa limezoea kuwa tupu na limesinyaa. Daktari akirudisha kila kitu ndani kwa mara moja, shinikizo hupanda, kiwambo husukumwa juu, na mgonjwa hupata shida ya kupumua baada ya upasuaji.

Kwa sababu hiyo ngiri kubwa huhitaji maandalizi. Mgonjwa hutakiwa kuacha sigara wiki kadhaa kabla. Kikohozi cha muda mrefu hutibiwa kwanza. Mzee anayekojoa kwa kujikamua huchunguzwa tezi dume, kwa maana kujikamua huko kutabomoa mshono. Kisukari na shinikizo la damu huwekwa sawa. Siku ya upasuaji daktari hutumia wavu mpana zaidi, na pengine huacha mrija mdogo wa kutoa maji na damu kwenye mfuko. Mfuko wa korodani unaweza kubaki umevimba kwa wiki kadhaa, na hilo si ishara kwamba ngiri imerudi.

Kazi yote hiyo isingehitajika kama ngiri ingetibiwa ilipokuwa ndogo.

NGIRI YA KIWAMBO: SHERIA TOFAUTI

Ngiri nyingine haionekani kwa nje. Umio hupita kwenye tundu la kiwambo kuelekea tumboni. Tundu hilo likipanuka, sehemu ya mfuko wa chakula hupanda kifuani. Ikiwa ndogo, dalili kubwa ni kiungulia na kucheua, na wengi hutulizwa kwa dawa na kwa kuepuka kula usiku wa manane. Ikiwa kubwa, mtu hushiba upesi, hukwama chakula, huishiwa pumzi baada ya kula, na anaweza kupungukiwa damu polepole. Hutambuliwa kwa kamera ya kumezeshwa, eksrei ya dawa nyeupe au CT skani.

Upasuaji wake, ambao leo hufanywa zaidi kwa matundu, una hatua mbili. Kwanza mfuko wa chakula hushushwa na tundu la kiwambo hushonwa. Pili, sehemu ya juu ya mfuko huo huzungushwa kwenye umio ili kuzuia asidi kupanda. Rudolf Nissen alieleza mwaka 1956 njia ya kuzungusha mduara mzima. Jacques Dor mwaka 1962 na André Toupet mwaka 1963 walieleza njia za kuzungusha sehemu tu. Mduara mzima huzuia asidi vizuri, lakini baadhi ya wagonjwa hushindwa kubeua na hupata shida ya kumeza. Mduara nusu hupunguza shida hizo.

Je, wavu unasaidia hapa kama kinenani? Mwanzoni ilionekana hivyo. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 108 wenye ngiri kubwa ulionyesha mwaka 2006 kwamba, baada ya miezi sita, ngiri ilikuwa imerudi kwa 9 kati ya 100 waliowekewa wavu wa asili ya nyama, na 24 kati ya 100 walioshonwa tu. Lakini wagonjwa hao walipofuatiliwa kwa miaka, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuwa 54 dhidi ya 59 kati ya 100. Faida ilikuwa imetoweka. Utafiti wa Australia wa wagonjwa 126, uliolinganisha nyuzi na aina mbili za wavu, nao haukuona faida ya wavu baada ya miaka kadhaa. Isitoshe, wavu wa plastiki karibu na umio huweza kuutoboa, kwa kuwa umio hutembea kila mtu anapomeza na kupumua.

Hata hivyo, wengi wa wagonjwa hao waliendelea kujisikia nafuu, na wachache tu walihitaji kupasuliwa tena. Ngiri iliyorudi kwenye picha haimaanishi kila mara kwamba mgonjwa amerudi kuumwa. Kwa hiyo kifaa kilichothibitishwa kinenani hakikuthibitishwa kwenye kiwambo, na mgonjwa anaruhusiwa kumuuliza daktari sababu ya kukichagua.

JE, INAFAA KUSUBIRI?

Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua. Kwa waliosubiri, ngiri kubana ghafla ilikuwa nadra, chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Lakini baada ya miaka kumi, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa wamehamia kwenye upasuaji, wengi kwa sababu ya maumivu.

Wanaume wale walikuwa na ngiri ndogo, na hospitali ilikuwa karibu. Mwenye ngiri inayokua, inayouma, au isiyorudi ndani hayumo katika kundi hilo. Wala mwanamke mwenye uvimbe wa kinena hayumo. Na anayeishi Likoni ajiulize itakuwaje ngiri ikibana saa nane za usiku naye anahitaji kuvuka feri kufika kisiwani. Wa Kisauni ana Daraja la Nyali na msongamano wake. Wa Changamwe ana Makupa. Upasuaji wa kupangwa hufanywa mchana, mgonjwa amejiandaa. Wa dharura hufanywa utumbo ukiwa tayari unakufa.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI MARA MOJA

- Uvimbe uliokuwa ukirudi ndani umekataa kurudi, umekuwa mgumu na unauma.
- Ngozi juu ya uvimbe imekuwa nyekundu au imebadilika rangi.
- Kutapika, tumbo kujaa, kukosa choo na hewa.
- Homa pamoja na maumivu ya uvimbe.
- Kwa mwenye ngiri ya kiwambo: maumivu makali ya kifua au tumbo la juu, na kutaka kutapika bila kitu kutoka.

Mgonjwa asile wala asinywe, asikandwe, na uvimbe usisukumwe kwa nguvu. Saa chache zinatosha kuua utumbo uliobanwa. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa simu 1199.

KUJIANDAA

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kumweleza mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa. Kutoka hapo mgonjwa huelekezwa hospitali ya kaunti ndogo, kama ya Likoni au ya Port Reitz, na ikihitajika, Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani.

Tangu Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Wasio na mshahara hutozwa kulingana na tathmini ya mapato ya kaya. Anayesubiri kusajiliwa hadi siku ya dharura huanza na deni, hivyo afadhali jambo hili limalizwe mapema, na dawati la SHA la hospitali liulizwe gharama zitakazolipwa kabla ya tarehe ya upasuaji.

Maswali ya kumuuliza daktari ni haya: Ngiri yangu ni ya aina gani? Utatumia nyuzi au wavu, na kwa nini? Nitapewa ganzi gani? Umefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Nitarudi kazini lini?

Kuhusu swali la mwisho, wengi hutembea siku hiyo hiyo na hurudia shughuli nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Kwa kazi ya kubeba magunia au kusukuma mkokoteni, madaktari wengi hushauri wiki nne hadi sita. Kibarua azungumze na msimamizi wake mapema apewe kazi nyepesi kwa muda huo. Wiki sita za kupanga ni chache kuliko miezi ya kuuguza utumbo uliokatwa.